Bruce McLaren: Kijana aliyechechemea na mkweche uliokuja vipande vipande

Jina McLaren unalijua. Umeliona kwenye michezo ya video, umeona magari yake ya rangi ya chungwa yakikimbizana kwenye Langalanga, na pengine kuna jamaa mtaani kwenu anayeapa kwamba siku pesa zikiingia, hilo ndilo gari atakalonunua.

Lakini je, ulijua kwamba McLaren alikuwa mtu? Tena mtu aliyefariki akiwa na miaka 32 tu, aliyetembea akichechemea tangu utotoni, na ambaye gari lake la kwanza halikutoka dukani likimeremeta bali lilifika nyumbani likiwa vipande vipande?

Kama uko na gari kuukuu limepandishwa mawe nyuma ya nyumba, majirani wanakuuliza kila wiki litaamka lini, basi keti hapa kidogo. Hadithi hii inakuhusu.

Bruce Leslie McLaren alizaliwa Agosti 30, 1937 mjini Auckland, New Zealand. Babake Les na mamake Ruth walikuwa na kituo cha mafuta na gereji katika mtaa wa Remuera. Les mwenyewe alikuwa ameshiriki mbio za pikipiki ujanani. Kwa hivyo Bruce alikua akinusa grisi na petroli. Pale ambapo watoto wengine walijua majina ya wanyama, yeye alijua majina ya spana.

Halafu akafikisha miaka tisa, na mambo yakaharibika.

Alianza kulalamikia maumivu ya nyonga. Madaktari wakagundua ana ugonjwa wa Perthes. Huu ni ugonjwa wa watoto ambapo damu haifiki ipasavyo kwenye kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga. Mfupa hudhoofika na kuanza kuharibika. Siku hizo tiba ilikuwa moja: usisimame, usitembee, usitie uzito wowote kwenye mguu huo hadi mfupa ujijenge upya.

Hebu fikiria. Mtoto wa miaka tisa, tena mtundu, analazwa chali kwenye fremu, miguu imefungwa, katika makao ya watoto wagonjwa ya Wilson Home kule Takapuna. Si wiki mbili. Si likizo moja. Karibu miaka miwili. Na kwa muda huo wote hakuna aliyekuwa na hakika kwamba angetembea tena.

Alitembea. Lakini mguu wake wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kulia, na kuchechemea kukawa sehemu ya maisha yake. Kumbuka hii ni New Zealand, nchi ambayo raga ni kama dini. Kijana asiyeweza kukimbia uwanjani anafanya nini pale? Wengi wangekaa pembeni wawe wa kushangilia tu. Bruce akaingia gereji.

Mnamo 1952, Les alinunua gari aina ya Austin 7 Ulster, la mwaka wa 1929. Ukisema alinunua gari, unatia chumvi. Alinunua vyuma vilivyokuwa gari zamani. Lilikuwa limefunguliwa, na kazi ya kwanza ilikuwa kujua kipi kinaingia wapi.

Ngoja nikueleze kidogo kuhusu Austin 7, maana si gari la hivihivi. Lilizinduliwa Uingereza mwaka wa 1922 kwa ajili ya watu wa kawaida, wale ambao hapo awali walimudu pikipiki tu. Injini yake ilikuwa ya silinda nne na ukubwa wa sentimita mchemraba 747, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa za leo. Breki zake zilivutwa kwa nyaya. Ulster lilikuwa toleo la michezo la gari hilo: jembamba, jepesi, halina paa.

Urahisi huo ndio uliolifanya kuwa shule ya mafundi wa nyumbani. Kampuni ya BMW ilianza safari yake ya magari kwa kutengeneza Austin 7 chini ya leseni, kwa jina la Dixi. Colin Chapman, aliyeanzisha Lotus, alijenga gari lake la kwanza kutokana na Austin 7 kuukuu. Yaani ukifuata mizizi ya magari mengi makali ya leo, unafika kwenye kijigari hiki ambacho mtu mzima angeweza kukifungua na kukifunga uani.

Les alikuwa na nia ya kulifufua gari lile kisha aliuze apate faida. Bruce akambembeleza mzee wasiliuze. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua.

Baba na mwana wakaanza kazi. Kama umewahi kufufua gari la zamani unajua kazi hii haina njia ya mkato. Unafungua, unasafisha, unapima, unatenga kinachofaa na kisichofaa. Kilichooza unatafuta kingine, na kama hakipatikani, unakiunda. Injini inashushwa hadi kwenye chuma kitupu. Kila bomba la mafuta linazibuliwa. Kila waya wa breki unavutwa na kupimwa, kwa sababu breki si kitu cha kubahatisha.

Na Bruce hakutosheka na kulirudisha gari lilivyokuwa 1929. Alitaka liwe bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Alichokonoa injini ili ibane hewa na petroli zaidi na kutoa nguvu zaidi. Akabadilisha hiki, akajaribu, akarudi, akabadilisha kile. Gereji ikawa darasa, na mkweche ukawa mwalimu.

Kabla hata hajatimiza miaka 16, Bruce alipeleka gari hilo kwenye mashindano ya kupanda mlima kule Muriwai, pwani ya magharibi ya Auckland. Mashindano haya si ya kugombana bega kwa bega. Kila dereva hupanda peke yake, saa ikihesabu. Kijana wa mguu mmoja mfupi akapanda na kijigari alichokifunga kwa mikono yake, na akafanya vyema katika kundi la magari madogo. Ndani ya gari, hakuna aliyeweza kuona kwamba anachechemea.

Aliendelea hivyo kwa miaka kadhaa: masomo ya uhandisi mchana, gereji jioni, mbio wikendi. Kutoka Austin 7 akaenda kwa magari makubwa zaidi, na hatimaye akapata Cooper, gari la mbio lililokuwa na injini nyuma ya dereva. Mwaka wa 1958 akachaguliwa kuwa wa kwanza kupata ufadhili uliokuwa ukimpeleka dereva chipukizi wa New Zealand kwenda kujaribu bahati Ulaya. Mwaustralia Jack Brabham, aliyekuwa tayari amejipatia nafasi kwenye timu ya Cooper, akamshika mkono.

Mwaka huohuo aliingia kwenye mbio za Ujerumani uwanjani Nürburgring, akiendesha gari la daraja la pili, huku magari ya daraja la kwanza yakiwa kwenye barabara hiyohiyo. Akawa wa kwanza katika daraja lake na wa tano kwa jumla. Watu wakaanza kuulizana huyu jamaa ametoka wapi.

Jibu likaja Desemba 12, 1959, Sebring, Marekani. Ilikuwa mbio ya mwisho ya msimu. Brabham alikuwa akiongoza, kisha kwenye mzunguko wa mwisho petroli ikamwishia. Bruce akapita na kushinda, akimpiku Mfaransa Maurice Trintignant kwa chini ya sekunde moja. Brabham naye alilisukuma gari lake kwa mikono hadi kwenye utepe, akamaliza wa nne na kutwaa ubingwa wa dunia. Bruce alikuwa na miaka 22 na siku 104. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla dereva mwingine mdogo kuliko yeye kushinda mbio za Langalanga. Huyo alikuwa Fernando Alonso, mwaka wa 2003.

Hapa ndipo vijana wengi tungetulia. Una jina, una mshahara, unaendesha magari ya wengine, kuna nini tena? Lakini Bruce alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukutibika: mikono ilimwasha. Kila gari alilopewa aliona mahali pa kurekebisha, na katika timu ya mtu mwingine huwezi kukata unapotaka kukata.

Mwaka wa 1963 akaanzisha timu yake. Usifikirie jumba la vioo. Karakana yao ya kwanza ilikuwa kibanda huko New Malden, karibu na London, chenye sakafu ya udongo, na humohumo kukiwa na greda la kutengeneza barabara. Vumbi kila mahali. Ukipita mtaa wowote wa jua kali hapa kwetu, utaona mahali pasafi kuliko pale.

Na gari lao la kwanza? Tena mkweche wa mkono wa pili! Walinunua gari lililoitwa Zerex Special. Lilianza maisha kama Cooper ya Langalanga, likagongwa vibaya Marekani, likafufuliwa na kugeuzwa kuwa gari la michezo. Bruce na mafundi wake wachache walikata sehemu ya katikati ya fremu, wakachomelea nyingine imara waliyoiunda wenyewe, kisha wakapachika injini ya V8 ya alumini kutoka kwa Oldsmobile. Muda ulikuwa umewabana hivi kwamba lilipakwa rangi ya kijani iliyopatikana kwa haraka, ile ya kupaka malango ya bustani. Likaenda Mosport, Canada, mwaka wa 1964, na likashinda.

Kuna kisa kimoja cha siku zile ambacho kila fundi anapaswa kukijua. Bruce alikuwa akijaribu gari jipya uwanjani, akaona kifuniko cha tangi la petroli kinapigapiga juu chini kila anapoongeza kasi. Dereva mwingine angekasirika tu kwamba mafundi hawakukifunga vizuri. Yeye akajiuliza: upepo unakuja kutoka mbele, ungepaswa kukikandamiza, sasa ni nini kinachokisukuma juu? Akatambua kwamba hewa imejaa chini ya bodi na inatafuta pa kutokea. Akarudi kwa mafundi, akachukua mkasi wa bati na kuanza kukata matundu kwenye bodi ya gari jipya, nyuma ya rejeta. Akarudi barabarani. Gari likawa na kasi zaidi.

Huo ndio ufundi, kijana mwenzangu. Kukata bati si kazi ngumu. Ugumu ni kuona kifuniko kikicheza na kukiuliza swali.

Lakini nisikudanganye kwamba safari ilikuwa tamu tupu. Mapema mwaka huohuo wa 1964, Mmarekani Timmy Mayer, kijana aliyekuwa akishindana pamoja na Bruce, alifariki wakati wa mazoezi kule Longford, Tasmania. Bruce ndiye aliyeandika maneno ya kumuaga, akitetea wazo kwamba kijana yule hakuwa ameishi bure. Ndugu ya marehemu, Teddy Mayer, alibaki na Bruce na akawa nguzo ya kampuni. Wote wawili walijua mchezo huu unaweza kudai nini. Walikuwa wamelipa tayari.

Kama umetazama ile filamu ya Ford na Ferrari, basi Bruce umemwona bila kujua. Juni 1966, yeye na mwenzake wa New Zealand, Chris Amon, ndio waliotangazwa washindi wa mbio za saa 24 za Le Mans wakiwa na Ford GT40. Magari ya Ford yalifika kwenye utepe yakiwa yamefuatana, na ushindi ukaenda kwao kwa sababu gari lao lilikuwa limeanza nyuma zaidi ya lile la Ken Miles na Denny Hulme, hivyo lilikuwa limesafiri umbali mrefu zaidi. Filamu iko upande wa Miles, na ni haki yake. Ila kumbuka Bruce alikuwa miongoni mwa walioijaribu GT40 na kuitia makali tangu ilipokuwa changa.

Mwaka huo pia gari la kwanza la Langalanga lenye jina la McLaren liliingia mashindanoni. Lilisumbua. Injini zilikataa, pesa zikawa haba. Miaka miwili baadaye, Juni 9, 1968, katika mbio za Ubelgiji kwenye uwanja wa Spa, Jackie Stewart aliyekuwa akiongoza aliishiwa na petroli karibu na mwisho. Bruce alivuka utepe bila kujua kwamba yeye ndiye wa kwanza. Alidhani amekuwa wa pili hadi alipoambiwa. Hivi ndivyo alivyokuwa mmoja wa madereva wachache mno kushinda mbio hizo katika gari lililobeba jina lao wenyewe.

Kule Amerika Kaskazini hali ilikuwa nyingine kabisa. Katika mashindano ya Can-Am, ambako masharti kuhusu injini yalikuwa machache, magari ya McLaren ya rangi ya papai yaliwatoa wengine jasho. Bruce alitwaa ubingwa mwaka wa 1967, Hulme mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 timu yao ilishinda mbio zote 11. Zote! Bruce sita, Hulme tano.

Ungetarajia mtu kama huyo aridhike. Lakini Bruce alikuwa na ndoto nyingine gerejini: gari la barabarani. Alichukua muundo wa gari lao la Can-Am, akalifunika bodi yenye paa, milango miwili, chini kabisa karibu na lami, V8 ya Chevrolet mgongoni. Wakaliita M6GT. Mpango wa awali ulikuwa kulipeleka mashindanoni, lakini masharti yalidai magari mengi yatengenezwe kwanza, na kampuni haikuweza. Basi Bruce akageuza mawazo: kwa nini lisiwe la kuuzwa kwa watu?

Na hakulifungia ndani kama pambo. Alilisajili, akalipa nambari za barabarani, akawa analiendesha mwenyewe. Waza uko Uingereza mwaka wa 1970, umekaa kwenye msongamano, na kando yako inasimama ndege isiyo na mabawa. Kila safari alikuwa akisikiliza: nini kinapiga kelele, nini kinachoma, nini mteja atalalamikia. Ni Austin 7 ileile kwa upya. Fungua, endesha, rekebisha.

Ndoto hiyo hakuimaliza.

Jumanne, Juni 2, 1970, Bruce alienda kwenye uwanja wa Goodwood kujaribu M8D, gari jipya la Can-Am. Akiwa kwenye sehemu iliyonyooka, bodi ya nyuma ilichomoka. Bodi hiyo si urembo. Ndiyo inayotumia upepo kulikandamiza gari chini. Ilipotoka, gari lilikosa kushika barabara, likazunguka na kugonga kibanda cha ukuta cha waangalizi wa mbio. Bruce alifariki papo hapo. Alimwacha mkewe Patricia na binti yao Amanda, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitano.

Mwili wake ulirudishwa nyumbani, ukazikwa Auckland.

Sasa niambie, kampuni ya mtu mmoja mwenye ndoto inafanya nini mtu huyo akiondoka? Wafanyakazi waliambiwa wabaki nyumbani wamwomboleze. Asubuhi iliyofuata wakaja kazini hata hivyo. Hulme, ambaye mikono yake ilikuwa imeungua vibaya kwenye ajali ya moto Indianapolis wiki chache kabla, akakubali kukaa kwenye usukani. Mmarekani Dan Gurney akaitwa kushika nafasi ya Bruce. Siku 12 baada ya kifo kile, timu ilikuwa Mosport, palepale gari la rangi ya lango liliposhinda, na Gurney akashinda. Kufikia mwisho wa msimu, Hulme alikuwa bingwa.

Yaliyofuata unayajua au utayatafuta: ubingwa wa dunia wa Emerson Fittipaldi mwaka wa 1974, James Hunt mwaka wa 1976, enzi za Ayrton Senna, na taji la timu bora tena mwaka wa 2024. Hata ile ndoto ya gari la barabarani haikufa. Mwaka wa 1992 kampuni ilizindua McLaren F1, na mwaka wa 1995 gari hilo likashinda Le Mans. Leo kuna watu wanaolipa pesa nyingi ajabu kupata kile ambacho Bruce alikuwa akikiendesha kwenye foleni mwaka wa 1970.

Lakini ukipata nafasi ya kuingia makao makuu ya McLaren kule Woking, Uingereza, katikati ya magari ya mabingwa utaona kijigari kimoja chekundu, kidogo, cha kizamani. Ni ile Austin 7 Ulster.

Sisemi kila mkweche uliopandishwa mawe utazaa kampuni. Mingi haitazaa. Wala sisemi ukimbize gari barabarani; Bruce alishindana kwenye viwanja vya mbio, na hata huko kifo kilimpata. Kipande kimoja cha bodi kilitosha. Kwa hivyo usimwachie mtu gari kabla hujahakikisha kila kilichofungwa kimefungwa.

Ila jioni ukitoka kazini au chuoni, mikono imechoka na mfukoni hamna cha kununua spea, na jirani akakuuliza tena hilo gari litaamka lini, usione haya. Kaza nati moja. Safisha bomba moja. Kesho kaza nyingine. Kijana wa Remuera hakuwa na zaidi ya hapo: baba mwenye subira, mguu mmoja mfupi, na gari lisilojua linaanzia wapi.